Aliyenyimwa Salamu

Nchi ya Salimini ilikuwa na barabara pana, taa zisizozimika, na simu katika kila kiganja, lakini haikujivunia lolote kama ilivyojivunia salamu zake. Raia wa Salimini alipokutana na mwenzake, awe mkwe au mgomvi, sokoni au ndani ya lifti, aliuliza "Hujambo?" kwa taadhima, akajibiwa "Sijambo" kwa bashasha, na jibu hilo lilihesabiwa mbele ya sheria kuwa kiapo. Aliyekwisha kusema hajambo, kisha akalalamikia kichwa, alikuwa ameapa uongo. Na aliyethubutu kujibu vinginevyo alikuwa ameitia nchi nuksi. Basi nani angeumwa? Hospitali Kuu ya Siha ilikuwa na ghorofa nyingi na vitanda vyeupe visivyolaliwa, na wageni wa nchi za nje walipotembezwa humo walitikisa vichwa kwa husuda. Mgonjwa alipoingia, tabibu alimwuliza hujambo. Mgonjwa alijibu sijambo. Tabibu alimshukuru Mungu, akamwambia aende salama. Wengi walikwenda kweli, tena moja kwa moja, na mazishi yao yaliitwa safari. Loo, nchi ile ilikuwa na wasafiri!

Mvunja salamu hakupigwa wala hakufungwa. Alinyimwa salamu. Tangu siku ya hukumu hakuna aliyeruhusiwa kumwuliza hali wala kumwitikia, akawa anapita mitaani kama kiti kinachohamishwa. Watu waliiogopa adhabu hiyo kuliko kaburi, wakameza uchungu wao na kutabasamu.

Katika nchi hiyo, mtaa wa Vumilia, aliishi mwanamke ambaye zamani alikuwa mungu. Msinicheke, nasema kweli. Hakuwa mungu mkubwa wa radi wala wa bahari. Akeso alikuwa mungu mdogo wa Uyunani ya kale, binti wa mungu wa utabibu, na kazi yake ilikuwa moja tu: kukaa na jeraha wakati linapopona, mpaka ngozi ifunge. Madhabahu yake ya mwisho ilipogeuzwa maegesho ya magari, wakubwa zake walimpa hiari: ayeyuke pamoja na ubani wake, au avae mwili aishi kama watu. Alichagua mwili bila kuuliza una mambo gani. Watu wa Salimini, ambao ndimi zao hazikulizoea jina lake, walimwita Afueni, wakampa kazi ya kufua mashuka ya Hospitali Kuu. Kazi nyepesi, maana hayakuchafuka.

Maskini Afueni! Mwili ulimtia wahaka usiosemeka. Mungu hajui kwikwi; ilipomshika mara ya kwanza aliegemea ukuta akangoja mauti. Mguu ulipokufa ganzi alidhani umetangulia, na yeye atafuata. Alitaka kujua jambo moja tu: maumivu yapi huua, na yapi hupita? Lakini kila aliyemwendea alianza na hujambo, naye akiisha kujibu, mlango wa maneno ulikuwa umefungwa. Kisha jino likaanza kumwuma, gego la chini, na kila lilipopiga alihisi linamwita kwa jina.

"Shikamoo, mama," alimwambia mwenye nyumba wake asubuhi moja.

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Mama, hivi mtu akiumwa jino..."

"We! Umeshasema hujambo. Kunywa uji wako."

Huyo alikuwa Bi Stahamili, mjane mnene mwenye sauti ya kuamrisha na mkono mwepesi wa kutoa, aliyempenda Afueni kama mtoto wa tumbo lake. Siku zile alikuwa amekanyaga msumari uani. Aliufunga mguu kwa kitambaa, akavaa soksi juu yake katika joto la kukaushia samaki, akaendelea na shughuli zake. Afueni, aliyekuwa amekaa na majeraha tangu enzi za mikuki na ngao, aliitambua harufu iliyomjia jikoni. Lilikuwa jeraha lililofungwa kabla ya kusafishwa, na jeraha la namna hiyo haliponi, linapanda. Tangu hapo akawa anasikiliza hatua za mama ukumbini, moja nzito na moja ya kuburutwa.

"Mama, mguu wako," alisema hatimaye.

"Mguu gani? Mimi sijambo."

"Unanuka, mama."

"Adabu yako!" Bi Stahamili alifoka. Kisha akaketi juu ya mbuzi ya kukunia nazi, na sauti ikampungua. "Afueni, mtaa huu wananisalimu tangu nilipoingia bibi harusi. Wakiacha kunisalimu nitakuwa nani? Niache nife nikisalimiwa."

Basi ikafika Sikukuu ya Salamu, ambapo Liwali Mfuniko huzunguka mitaani mlango kwa mlango, ngoma mbele na kamera nyuma. Alifika Vumilia jua likiwa kali, akasimama mbele ya Bi Stahamili aliyeshikilia nguzo ya baraza ili asianguke.

"Hujambo, Bi Stahamili?"

"Sijambo, mheshimiwa. Sijambo sana."

"Na wewe binti, hujambo?"

Afueni alifungua kinywa kusema lililo la kawaida, na ulimi ukakataa. "Mheshimiwa, mama yangu mguu unamwoza ndani ya soksi, na asipotibiwa atakufa. Nami jino linaniuma, nina hofu."

Ngoma zilinyamaza. Akina mama walijifunika nyuso kwa khanga, na askari walimchukua kabla Liwali hajajua amkasirikie nani.

Kesi iliunguruma mbele ya Kadhi Sitiri, mtu mwenye kilemba cha adhama na sauti tulivu, aliyesifiwa kwa kuwa hajawahi kukunja uso. "Kwa kuwa shauri halisikilizwi pasipo salamu," alisema, "nakuuliza, mshtakiwa: hujambo?"

"Naumwa jino, mheshimiwa Kadhi. Sijui kama jino huua, na katika nchi yako nzima hakuna aliyekubali kuniambia."

Baraza liliguna. Mkono wa Kadhi ulikwenda kiunoni kwake, ukarudi haraka juu ya meza. "Mshtakiwa amedai kwamba Bi Stahamili ni mgonjwa. Shahidi aletwe."

Bi Stahamili aliingia akishika migongo ya viti. Nzi mmoja aliizunguka soksi yake, na baraza zima likajifanya halimwoni.

"Hujambo, shahidi?"

Mama alimtazama Afueni, akawatazama majirani zake waliojaa ukumbini, wale wa tangu bibi harusi. Jasho lilimtiririka. "Sijambo," alisema, akalia.

Machozi yale yaliandikwa kuwa ya furaha. Kadhi alisoma hukumu: tangu saa ile mtu yeyote asimsalimu Afueni, wala asiitikie salamu yake, nyumbani wala njiani, maisha yake yote. Afueni hakulia. Hofu yake ilikuwa juu ya mama tu, kwa sababu sasa hapakuwa na mtu wa kumsemea.

Alirudi dobini hospitalini akalala huko kwenye benchi la ukutani. Waliompita waligeuza shingo. Jino lilipiga, na yeye alihesabu mapigo yake akijiuliza lipi litakuwa la mwisho. Adhuhuri moja alisikia hatua anazozijua, moja nzito na moja ya kuburutwa, akainuka mbio. Bi Stahamili alikuwa amesimama mlangoni, uso umekuwa rangi ya majivu. Alifungua kinywa amsalimu mwanawe, akakumbuka kwamba ni haramu, akakifunga. Akakifungua tena. Hapakuwa na hujambo ya kuuliza wala sijambo ya kuapa. Palibaki maneno yenyewe tu.

"Mguu unaniuma," alisema. "Unaniuma, mwanangu, sijui nifanye nini."

Afueni alimbeba, nusu kumburuta, hadi kwa Daktari Ridhaa ghorofani. Daktari alipanua kinywa kwa salamu yake ya kila siku, akamwona Afueni, akanywea. Angewasalimu wale wawili vipi, mmoja akiwa haramu? Mtu msomi, naye hana pa kuanzia. Mwishowe akauliza swali ambalo tangu afuzu hajapata kuliuliza.

"Panauma wapi?"

Bi Stahamili alipoteza vidole viwili, na mguu ukaanza kupona. Habari zikavuja, maana mtaa wa Vumilia haukosi midomo. Yule mfua mashuka, watu walinong'onezana, ukikaa naye huanzi na salamu, basi unaweza kusema chochote na sheria isikuguse! Benchi la dobini likajaa. Walikuja wenye vidonda vya tumbo, wenye kifua, na bwana mmoja ambaye hakuwa na maradhi yoyote ila alikuwa na huzuni. Afueni aliwasikiliza, akawapandisha ghorofani mmoja mmoja, na mashuka yakaanza kuchafuka. Siku moja aliinua macho akamwona Kadhi Sitiri kwenye foleni, bila kilemba, kajiinamia. Alipofika mbele hakumsalimu, kwa kuwa yeye mwenyewe ndiye aliyekataza.

"Mgongo," alisema Kadhi, akakunja uso.

Jioni hiyo Afueni alikwenda wodini, akaketi kitandani kwa mama. Shavu lake lilikuwa limevimba. Bi Stahamili alimtazama.

"Mwanangu, nilikukana mbele ya watu."

"Uliogopa, mama."

"Niliogopa. Na lile jino uliniuliza, nikakunywesha uji." Aliuweka mkono wake mzito juu ya shavu lile. "Jino haliui. Linauma mpaka unadhani dunia imekwisha, kisha Ridhaa analing'oa, na kesho unakula wali. Mimi nimeng'oa manne kwa siri, kwa mkono wangu."

Afueni aliangua kilio, kilio cha mtoto, mpaka wagonjwa wa vitanda vya jirani wakageuka. Alipotulia aliuliza kwa sauti ndogo: "Na kufa, mama? Kufa kukoje?"

"Kufa sijui," alisema Bi Stahamili. "Nami pia naogopa."

Hakuna aliyepata kumwambia hivyo tangu alipovaa mwili. Alipanda kitandani, akajilaza kando ya ule mguu uliofungwa bendeji, na wakakaa hivyo, wakiogopa pamoja, mpaka chai ilipoletwa.