Barua ya Kujitoa

"Alisema aje?" Nadia aliuliza, na kalamu yake ikasimama katikati ya neno.

Isaïe, mshika usukani wa boti iliyozama, alikuwa ameketi mbele ya meza miguu mitupu. Viatu vyake vilibaki mtoni pamoja na mengine yote.

"Patron alinipigia simu, mama magistrat. Ongeza magunia soixante, sitini nzima, ya makala ya kupikia. Mi nikamuambia, batu balishakuwa bengi, maji itaingia. Akajibu: likambo te, hakuna shida, endesha tu, maji inakujua."

"Patron gani? Polisi wameandika kwamba boti ni yako."

Isaïe alicheka kicheko kibovu. "Mi? Mi natembea na miguu, sina hata vélo! Patron ni papa Nassoro, wa Simi-Simi."

Nadia aliinamia karatasi ili mtu huyo asimwone uso. Nassoro wa Simi-Simi ni baba yake mdogo, mdogo wa marehemu baba yake, aliyemlea tangu akiwa na miaka sita na ambaye humwita tonton. Mwaka jana alitangazia ukoo mzima kwamba ile boti ameiuza, na ukoo mzima ukaamini. Boti ilipozama wiki mbili zilizopita ikitoka Yangambi, watu kumi na mmoja wakafa, tonton Nassoro alikuja msibani kwa majirani akalia na waliolia.

Lakini lililomshtua Nadia zaidi ni yale maneno. Maji inakujua. Aliyasikia kwa masikio yake mwenyewe. Ijumaa ile ya ajali, baada ya swala, walikuwa mezani kwa tonton wakila wali na samaki. Tonton aliinuka na simu, akasimama mlangoni, akacheka, akasema, "Likambo te, weka soixante, maji inakujua." Kisha akarudi kuketi. Na Nadia akafanya nini? Akaomba pilipili.

Hasira ilimpanda, na ya kwanza kabisa ilikuwa ya kujikasirikia mwenyewe.

Miaka tisa alikuwa mpiga chapa katika ofisi hii hii ya waendesha mashtaka. Alichapa mashtaka ya wengine, akatumwa maji na mikate, na jioni akasoma sheria hadi akaipata shahada. Akafanya mtihani, akangoja, akaitwa. Sasa waliomtuma mikate walimwita madame le substitut, bibi mwendesha mashtaka, ingawa wengine waliitamka kama mtu anayemeza dawa chungu. Alikuwa na miezi minane kazini, na hadi mwaka wa majaribio utimie neno moja la mkubwa wa ofisi lingetosha kumrudisha nyumbani. Faili za wizi wa baiskeli alizishughulikia kwa dazeni. Hii ilikuwa ya kwanza yenye maiti.

Katika jengo lile siri haikai. Saa sita mchana tonton Nassoro alikuwa amekwisha fika, kanzu nyeupe pe, akaketi bila kukaribishwa.

"Nadia, mutoto yangu. Nasikia ule mwongo ametaja jina yangu."

"Si mwongo, tonton."

"Bon. Donc huwezi kubakia na dossier. Mi ni baba yako. Sheria yenu inakataza. Unaandika barua ya kujitoa, déport, si njo hivyo? We mwenyewe ulinifundisha."

Kweli, alimfundisha. Enzi za masomo alikuwa akisimama mezani kwake akikariri vifungu vya sheria, na tonton akitikisa kichwa kwa fahari.

"Karatasi moja tu. Dossier itaenda kwa Léopold. Ule iko mutu wa akili."

Akili za Léopold, mwendesha mashtaka mwenzake, zilijulikana na kila mfagizi wa jengo. Léopold hakuwahi kuuliza swali ambalo polisi hawakuuliza. Wameandika boti ni ya Isaïe? Basi ni ya Isaïe, na kabla ya wiki kwisha maskini yule angekuwa amebebeshwa maiti kumi na moja peke yake.

Na jambo lililomchoma Nadia zaidi ni kwamba tonton alikuwa sahihi. Akiing'ang'ania faili, wakili yeyote angeibomoa siku ya kwanza, na Nassoro angekwenda zake msafi. Akiiachia, Isaïe amekwisha. Sheria aliyoihangaikia miaka yote hiyo, mzee huyu alikuwa akiitumia kama mlango wa nyuma wa nyumba yake.

"Batu kumi na moja, tonton. Kuko na mutoto wa miezi tano."

"Mungu njo aliandika."

"Mungu hakupiga simu!"

Sauti ilitoka hadi kwenye ukumbi. Tonton aliupangusa uso wake polepole.

"Nilikulea. Ile toge, joho unavaa mu tribunal, ni mi nilikushonesha."

"Najua."

"Alors, andika."

Nadia akaandika. Tonton alimkodolea macho mpaka alipotia sahihi, kisha akampapasa kichwani kama mtoto aliyemaliza uji, akatoka. Nadia alibaki ameshika kingo za meza, akitamani kuipindua.

Mkubwa aligonga muhuri bila maswali. Nadia akachukua faili, akaipeleka mwenyewe kwa Léopold.

"Umefanya vizuri," Léopold alisema akifungua droo. "Mambo ya famille inachafua mutu."

Nadia hakuondoka. Alivuta kiti wanachokalishwa watu wa kuhojiwa, akaketi.

"Nini tena?"

"Sasa dossier iko ya nani?"

"Iko yangu."

"Alors toa karatasi ya procès-verbal, ya kuandika maelezo. Mi niko témoin, shahidi."

Léopold alicheka, kisha akaona anacheka peke yake. "Nadia, unabakisha miezi ine tu. Chef atasema unaleta vita ya famille mu parquet, mu ofisi yetu. Batakufukuza."

"Ijumaa ile nilikuwa kwa meza yake. Nilimusikia anasema na Isaïe mu téléphone. Andika."

"Nani anajua ulisikia? Nyamaza, basi!"

"Nilikuwa natafuna samaki yake, Léopold! Andika!"

Léopold alitoa karatasi. Aliandika tarehe, akaandika saa, akakawia kwenye saa. Jina akalijaza bila kuuliza.

"Kazi?"

"Substitut. Mupaka leo."

Lilifuata lile swali la kila shahidi. Nadia alikwisha kuwauliza watu mamia, na walipokuwa wakijibu alitazama karatasi tu, hakuwahi kuwatazama usoni.

"Na bwana Nassoro," Léopold aliuliza chini chini, "muko na uhusiano gani?"

"Njo papa yangu."

Kalamu ya Léopold ilibaki juu. Nadia aliweka kidole kwenye karatasi, akaisogeza mpaka ikafika chini ya ncha ya kalamu.