Mkono Wenye Sindano

Wauguzi hufundishwa kutafuta mshipa. Hawafundishwi la kumwambia mtu aliyetoka kwenda kusali adhuhuri, akarudi akakuta baba yake amefunikwa shuka. Jedida, muuguzi mzaliwa wa Ukambani, alikuwa peke yake wodini tangu asubuhi na miguu ilikuwa imemvimba. Akamwambia Esha, binti wa marehemu, lile wasemalo wote: pole, daktari alijaribu kila njia.

"Sikuulizi daktari," Esha alisema. Hakuwa akilia. "Nani aliyemtamkisha shahada?"

Jedida hakuelewa. Akaanza habari za presha na figo, maneno yakimtoka kwa mazoea tu. Watu wa mochari walikuwa wamefika mlangoni.

"Sista, mtu akikata roho, walio karibu humsomea shahada aifuate. Mimi sikuwapo. Nikifika Mambrui mama ataniuliza hilo kwanza. Nimwambie nini?"

Kudanganya kungekuwa rahisi, na Jedida alichotaka ni kukaa chini. Lakini hakuweza.

"Sikumsomea kitu. Mimi Mkristo, sijui. Nilikuwa namzuia tu asing'oe dripu. Alikuwa anainua ule mkono wenye sindano, anakunja vidole, anaacha kimoja juu. Nikafikiri anaonyesha chupa. Nikaushusha. Akainua tena."

"Kidole gani?"

Jedida akanyoosha kile kinachofuata gumba.

Esha akakitazama kidole hicho. "Ukaushusha tena?"

"Mara nyingi. Nisamehe. Mwisho nilichoka, nikamwacha hivyo hivyo, kidole juu, mpaka akaenda."

Hapo ndipo Esha alipolia, kilio cha mtu aliyetuliwa mzigo.

"Hicho ndicho cha shahada, sista. Ulimi ulimshinda, akashahadia kwa kidole."

Akapiga simu nyumbani, akampa Jedida. "Msimulie wewe. Ndiwe uliyekuwapo."

Jedida akawaomba watu wa mochari wangoje nje, akavuta kiti. Akaamkia shikamoo, akaeleza yote, hata lile la kumshusha mkono, ambalo lilimwaibisha zaidi kila aliporudia. Mjane yule mzee akasema alhamdulillahi. Jedida akajiandaa kulaumiwa.

"Mwanangu," bibi akauliza, "huo mkono wake ulikuwa na baridi?"

"Hapana, mama. Ulikuwa na joto. Nilikuwa nimeushika."