Sala Moja kwa Uso

Ukutani mwa sebule ilining'inia mbingu nzuri iliyosheheni mawingu ya mvua, na chini yake, mlangoni pa studio, alisimama mtu asiye na uso. Mtu huyo alikuwa Fundi, mpiga picha, marehemu mume wa mjane mwenye nyumba. Mjane ndiye aliyempiga ile picha, siku pekee ambayo Fundi alikubali kusimama mbele ya kamera badala ya nyuma yake.

"Mama, wiki ijayo naolewa," binti yake alisema, akiishusha fremu. "Wakwe wakimuulizia baba, niwaonyeshe kivuli?"

Fundi alizikwa binti angali tumboni. Sura ya baba yake hakuijua hata ndotoni.

"Filamu iliharibika, mwanangu. Mpigaji hakujua kazi."

"Mpigaji si wewe?"

"Ndiye huyohuyo ninayemsema."

Kutoka nyuma ya fremu kilidondoka kipande cha filamu, ambamo cheupe huonekana cheusi. Binti akakiinua dirishani, akafumba jicho moja. "Mbona meno anayo? Meusi kama katafuna makaa, lakini yapo."

Mjane akakipokea. Paji lilikuwapo, macho yalikuwapo. Siku ya kupiga alikuwa amepima mwanga wa kivuli cha mlangoni, wala si wa mbingu, kama alivyofundishwa. Filamu haikuwa na kosa.

Basi akakumbuka. Katika chumba chao cha giza cha kusafishia picha, Fundi hakutumia saa. Alipima muda wa kumulika karatasi kwa sala fupi ya shukrani. Uso sala moja, mawingu sala tatu, maana anga angavu huchelewa kushika karatasini. Wiki ya msiba mjane aliingia humo peke yake, na kila neno likamkwama kooni. Sala ikawa ndefu kama safari. Mawingu yakashiba, uso ukaungua ukawa weusi mtupu. Akafunga mlango, akasema ndivyo Mungu alivyopenda.

Karatasi na dawa walipata kwa mpiga picha wa mtaa wa pili. Katika chumba kilekile, chini ya taa nyekundu, mjane aliwasha mashine ya kukuzia picha, akasali mara moja. Kisha akakinga uso wa mumewe kwa kiganja, akikichezesha taratibu kama anayemfukuzia nzi mtu aliyelala, na mawingu akayaongezea sala mbili. Safari hii maneno hayakumkwama.

"Mkono mbona hautulii?"

"Ukitulia utaacha alama. Baba yako alisema mkono wa kukinga ni kama wa kulea, haukai mahali pamoja."

Karatasi ikazama kwenye beseni la dawa. Ukatokea mlango, likatokea shati, mawingu yakajikusanya. Mwisho kabisa likaja tabasamu, na katikati ya meno, mwanya.

Ulimi wa binti ulikwenda wenyewe ukagusa mwanya wake.

Mjane aliendelea kulitikisa beseni polepole. Midomo yake ilikuwa bado inasali, na hakuwa akipima chochote.