Njia Iliyofika Mahakamani

Asubuhi ya kesi, msusi alimnywesha mama yake uji, akamgeuza kitandani, akamfungulia dirisha aangalie ukuta. Ukuta ulijengwa na jirani yao mwenye gereji, akaziba njia pekee ya kutokea nyumbani kwao. Sasa hutokea kwa ngazi iliyoegemezwa ukutani, na kiti cha magurudumu cha mama hakipandi ngazi. Tangu siku hiyo mama hajaiona barabara, na msusi huingia kwake kwa kuruka, kama mwizi. Wahenga walisema mwenye nguvu mpishe. Hawakusema umpishe mpaka mlangoni kwako.

Hakuwa na uwezo wa kumlipa wakili, kwa hiyo kesi aliisimamia mwenyewe. Alipotelemka ngazi, njia ilijichomoa chini ya ukuta ikamfuata, na kokoto zake, na mtaro wake, na michirizi miwili ya magurudumu. Askari wa mahakamani aliipekua, akaipitisha. Ikajilaza kutoka mlangoni hadi kwenye meza ya hakimu.

Wakili wa mwenye gereji aliikanyaga mpaka mbele, akainamisha kichwa.

“Mheshimiwa, sisi tunasema njia haijawahi kuwepo. Na tena hatukupewa nakala yake.”

Hakimu alichungulia chini, akamgeukia msusi. “Mama, kielelezo hiki ulikiambatisha kwenye madai yako?”

“Njia naiambatishaje, mheshimiwa? Si hiyo hapo!”

“Ungekuwa na wakili angekuelekeza.”

“Ningekuwa na wakili, hata huo ukuta jirani asingethubutu kuujenga.”

Karani alicheka, akajifanya anakohoa. Hukumu ilisomwa papo hapo: njia haipo. Ilisomwa kwa sauti nzuri, na ndiyo maana inaudhi zaidi.

Nje mvua ilikuwa imegeuza uwanja kuwa tope tupu. Njia, kwa kuwa imelelewa vizuri, ilijitandaza hadi barabarani. Hakimu akapita, wakili akapita, mwenye gereji akapita huku akisifia kokoto. Msusi aliomba arudishiwe njia yake.

“Dada yangu, kitu kisichokuwepo hakirudishwi,” karani alimwambia kwa upole. “Halafu usiikanyage, sasa iko chini ya mahakama.”

Msusi alipita topeni. Nyumbani alipanda ngazi, akashukia ndani. Mama alikuwa bado anauangalia ukuta.

“Wamesemaje?”

“Wamesema haipo, mama.”

“Na wao huko wametokaje?”

“Wamepita juu yake,” msusi alisema, akakaa chini kukwangua matope kwenye viatu.