Uzito wa Nyuma

Jumamosi ya mwisho ya Oktoba, uwanja wa Verlyn wa kuuzia matrekta, kule Wisconsin, ulikuwa umefagiliwa majani, na robota la nyasi kavu limeshawekwa katikati. Ndiyo desturi yake: hakuna anayenunua kabla hajaona trekta likinyanyua. Robota lile la duara, la kufika kifuani mwa mtu, lilikuwa na ratili mia tisa.

Matrekta matatu yalipangwa kwa ukubwa kama ndugu wa tumbo moja wanaopigwa picha. Yote yalikuwa na mikono ya chuma ya kunyanyulia mbele.

"Hili dogo, mikono inaweza," Verlyn alimwambia mzee Delmar Tollefsrud, mfugaji wa ng'ombe ishirini. "Shida ni makalio. Ukinyanyua robota, nyuma kunapaa, unabaki unamwita Mungu. La kati lina mwili. Lifungie boksi la zege kwa nyuma, utafanya nalo kazi mpaka tukuzike."

"Na hilo kubwa?"

"Hilo haliingii kwenye banda lako, mzee. Labda ulale nalo nje."

Delmar alikunywa kahawa yake. Alikuja na mwanawe Garth na mkwewe Marnie, aliyembeba kifuani Junie, mtoto wa miezi minane. Marnie alikuwa akiliangalia trekta la kati. Januari, mjini, lingeanza darasa la jioni la wasaidizi wa wauguzi, saa kumi na mbili, saa ileile ya kulisha ng'ombe. Garth alikuwa amemwahidi: tukipata la kati, mimi na Baba tunatosha, wewe nenda ukasome.

Maana hadi siku hiyo walitumia trekta la zamani, jepesi nyuma, na uzito wa nyuma alikuwa Marnie.

Kwa macho alikuwa mwembamba. Gauni aliloolewa nalo lilimtosha bado. Ila tangu aingie nyumba ile, miaka minne sasa, kila neno la kuumiza alilolinyamazia lilimkaa mwilini. Mizani ya ng'ombe ya mnadani ilisoma ratili mia sita na arobaini. Mwaka uliopita, wageni wa Sikukuu ya Shukrani walipoondoka mezani, alikuwa ameongeza thelathini. Daktari alimshauri apunguze mkate. Kitandani hakuweza kulala na mtoto, kwa kuwa godoro lilizama likamviringisha Junie chini yake. Alimnyonyesha akiwa ameketi sakafuni jikoni, penye saruji, huku akimwimbia polepole majina ya mifupa aliyoyasoma kwenye kitabu cha maktaba.

"Marnie, panda," Delmar alisema, ameshakalia trekta dogo.

Alimpa Garth mtoto, akasimama juu ya chuma cha kufungia tela. Magurudumu ya nyuma yakabonyea. Delmar akalichoma robota kwa mkuki wa chuma uliofungwa kwenye mikono ya mbele, akalinyanyua. Trekta likatulia kama ng'ombe anayekamuliwa.

"Sasa la kati la nini?" Delmar akauliza. "Boksi la zege ninalo, tena linapika."

"Sitaki, Baba," Marnie alisema. Lilikuwa jibu lake la kwanza kwa mzee huyo. "Januari naanza darasa. Jioni sitakuwepo. Nunueni la kati."

Magurudumu ya nyuma yakapanda kiasi cha shibiri.

"Anapungua," Verlyn alisema, akarudi hatua moja.

"Naona." Delmar aligeuza shingo. "Darasa gani, wewe? Mkate wako hata nguruwe wanaupita."

Magurudumu hayakushuka. Delmar akamtajia Marnie marehemu mama yake na chupa zake za pombe. Akasema mtoto ana bahati hakufanana naye. Wapi. Marnie alikuwa ameyazoea maneno ya mzee. Hayakuwa na ratili tena.

"Garth, mwambie mkeo kitu. Sitakaa hivi mchana kutwa."

Garth alikuwa mtu mpole. Hakuwahi kumtukana mkewe. Ndiye aliyemchongea kigoda cha mwaloni alipoanza kuvunja viti, akakipiga msasa mpaka chini, pasipoonekana. Alimhamishia Junie bega la pili, akasogea karibu na gurudumu.

"Baba Junie," Marnie akamwambia taratibu, "fomu ya darasa si ulinijazia wewe?"

"Niliijaza," Garth alisema. "Sikuipeleka. Usingeliweza lile darasa, Marnie. Nilikuwa nakufariji tu."

Gurudumu la kushoto lilizama kwenye kokoto, la kulia likafuata. Robota lilikaa hewani bila kudondosha hata unyasi.

"Hapo," Verlyn alisema. "Hapo pametosha kabisa."

Akaenda kuleta karatasi za trekta dogo. Aliahidi kuchomelea kibati cha kusimamia kwa nyuma, chenye mpini, kwa usalama, maana huyu ni mama wa mtoto mchanga.

Jumatatu ya pili ya Januari, saa kumi na mbili jioni, darasa lilianza mjini. Theluji ilikuwa imelowesha marobota, kila moja limeongeza ratili mia. Delmar alikuwa na neno tayari, na Garth, aliyesimama langoni, alikuwa akikohoa kusafisha koo. Marnie akapanda kwenye kibati, akashika mpini. Robota likanyanyuka vizuri, halikuhitaji neno la mtu.

Garth akafungua lango.