Buti la Giga Kumi na Sita

Haya ni kweli kuanzia neno la kwanza hadi la mwisho. Naapa kwa meno yangu yaliyobaki, na yamebaki ya kutosha kiapo kimoja. Sijatia chumvi popote. Pale nilipobadilisha kitu nilipunguza, maana ukweli wenyewe ulikuwa mkubwa mno kuenea kwenye karatasi.

Palikuwa na mwanamke aliyeendesha mabasi ya masafa marefu kwa miaka thelathini na mmoja, na mtaa mzima ulimwita Dereva. Alipostaafu, jina halikustaafu. Mumewe, mzee mtanashati, mwenye busara na kofia nzuri, naye alimwita hivyo hivyo. Tatizo lilikuwa mikono. Mikono iliyozoea usukani haitulizwi kwa kushona vifungo. Dereva alikuwa akishika sufuria kama usukani na kukata nayo kona jikoni, na siku moja alimpigia paka honi kwa mdomo mpaka paka akampisha, akasubiri na taa ndipo avuke. Binti yao wa pekee, mhasibu katika nchi ya mbali, aliposikia hayo akamtumia usukani wa kuchomeka kwenye kompyuta, pamoja na gemu la kuendesha malori. Tangu hapo, kila Jumamosi saa kumi alasiri, mama na binti walipakia mizigo isiyokuwepo wakaingia barabara zisizokuwepo, binti mbele, mama nyuma, hedifoni masikioni.

Msicheke. Kwenye simu binti huyo alikuwa mtu wa dakika mbili. Sijambo mama, kazi nzuri, baridi tu, haya kwaheri. Lakini njiani, macho yakiwa kwenye lami, aliongea. Dereva aliijua siri hiyo tangu enzi za basi: abiria wa kiti cha mbele, asiyelazimika kukutazama usoni, atakumwagia mtama wote kabla ya kituo cha pili.

Kisha gemu likatoa toleo jipya, barabara mpya, miji mipya, na kompyuta ya Dereva ikagoma. Kadi yake ya picha ilikuwa na memori ya giga mbili tu. Miti ikawa inatokea bila majani, na majani yanafuata baadaye kama watu waliochelewa msibani. Lami ilitoweka chini ya matairi. Ng'ombe mmoja alivuka barabara akiwa nusu ya mbele peke yake, nusu ya nyuma ikavuka baada ya dakika tatu. Picha ilikuwa ikikwama, inaruka, inakwama tena, na kila ikikwama lori la Dereva liliingia mtaroni na binti akaishia upeo wa macho.

Jumatatu ukaja ujumbe: "Mama, Jumamosi usikose. Nina jambo. Sitaki kulisema kwa simu, nitalisema tukiwa barabarani."

Dereva akausoma mara nne. Hakuuliza jambo gani. Aliuliza swali moja la mtu mzima: kadi ya giga ngapi itanitosha?

Ni afadhali angeuliza dawa ya kiuno. Kila mtu alikuwa daktari. Mpwa wake akasema giga nane siku hizi ni jeneza. Fundi wa simu pale kona akasema kumi na mbili, lakini alipoulizwa kwa nini, akasema "ndivyo inavyoenda". Kwenye mtandao akakuta kijana anayepiga kelele kama nyumba inaungua, anadai chini ya ishirini na nne usijiite mtu. Dereva akamzima.

"Mimi nimebeba abiria sitini na tano mpaka mpakani," alisema, "na sikuwahi kuuliza swali nikajibiwa hivi. Niliuliza basi lina dizeli kiasi gani, nikaambiwa. Kwisha."

"Chukua kumi na sita," mumewe akasema, akigeuza gazeti.

"Kwa nini?"

"Ni namba yenye heshima."

Dereva akamtazama kwa jicho lile alilokuwa akiwatazamia abiria wanaotaka kushushwa katikati ya daraja.

Alhamisi wakaenda dukani wote wawili. Muuzaji alikuwa mwembamba, amechomeka bisibisi sikioni kama seremala na penseli, na mbele yake vijana watatu walikuwa wakipapasa kibodi zinazowaka rangi.

"Karibuni, wazazi wangu. Mama, hiyo kadi ni ya kufanyia nini?"

"Kuendesha lori."

Bisibisi ikataka kuanguka.

"La kwenye gemu, mwanangu, usinitolee macho. Nataka kujua giga ngapi, na nataka kuambiwa sababu. Namba nimeshapewa za kutosha kufungua benki."

Muuzaji akacheka, akaweka mikono juu ya kaunta. "Memori ya kadi ni kama meza ya jikoni, mama. Kila kitakachoonekana njiani, lami, miti, taa, maghala, lazima kiwe kimepangwa mezani tayari. Meza ikijaa, kadi inaanza kukimbilia stoo kila mara. Hapo ndipo picha inaposhikwa na kwikwi."

"Aa! Yaani buti la basi."

"Hasa. Na skrini ndiyo abiria. Skrini kubwa, yenye nukta nyingi, ina mizigo mingi. Skrini ya kawaida, mizigo michache. Kwa gemu lako na skrini ya kawaida, giga nane zinakufikisha. Ukizidisha unabeba hewa."

Dereva akavuta pumzi. Wiki nzima hakuna aliyemwambia neno lenye mguu na kichwa kama hilo. Simu yake ikalia wakati huo huo. Ni dada yake, mtu asiyejua kukata simu, akatoka nje kumsikiliza.

Muuzaji akamgeukia mume. "Na skrini yenu ikoje, mzee?"

Swali dogo. Mume akalijibu, na hatuna haja ya kupoteza wino hapo.

Dereva aliporudi alikuta boksi juu ya kaunta, kubwa kama la viatu vya askari.

"Kwa hali yenu, mama, giga kumi na sita," muuzaji akasema kwa adabu mpya. "Chini ya hapo utanilaani."

"Si sasa hivi ulisema nane?"

"Hiyo ni kabla sijaelezwa."

"Ulielezwa nini?"

Dada mtu akapiga tena. Mume alikuwa anaikagua feni ya dari kana kwamba ametumwa na serikali. Saa ilikuwa inakwenda, Jumamosi haikuwa inamsubiri mtu, na Dereva alikuwa amechoka kubishana na dunia nzima kuhusu namba. Akatoa ile akiba ya friji jipya, akalipa, akabeba boksi.

Ijumaa asubuhi akafungua kompyuta juu ya meza ya kulia chakula. Alitoa kadi ya zamani, ndogo kama kitabu cha risiti. Akaitoa mpya. Ilikuwa na feni tatu na urefu wa kuanzia bega la mtu mpaka kwenye kifundo cha mkono. Akaijaribu kwa kulala, ikagonga chuma. Kwa kuinama, ikagonga chuma. Akaigeuza, akaishusha polepole kama anayeegesha basi kwenye uchochoro, akaelekezwa "kulia, kulia, rudi" na mumewe aliyesimama nyuma, ikagonga chuma kile kile. Halafu akaona inadai waya mbili za umeme, na kisanduku cha umeme ndani ya kompyuta kilikuwa na mmoja.

"Hicho chuma tukikate," mume akasema. "Nina msumeno."

"Uguse huo msumeno uone."

"Nilishawahi kukata bati la ndege nikiwa—"

"Hujawahi kukata hata ukucha ukanyooka!"

Akakaa. Kasha liko wazi mbele yake, waya nje kama matumbo ya kuku, kadi ya bei ya friji imelala juu ya kitambaa cha meza. Kesho saa kumi mwanawe atakuwa barabarani peke yake na jambo lake, akiangalia kioo cha nyuma, na nyuma hakuna mtu. Dereva akapiga simu dukani, akaweka sauti ya nje.

"Mwanangu, hii kadi yako haiingii."

"Haiingii?" Muuzaji alishangaa kweli. "Kwenye kompyuta inayoendesha ukuta mzima, mama?"

"Ukuta gani?"

"Zile skrini mbili. Za inchi hamsini na tano kila moja. Mzee alisema mmezifunga ukutani bega kwa bega, za kisasa, mpaka majirani wanakuja na viti vyao. Nikasema hapo nane haifai hata kidogo."

Kwenye kona ya meza ilisimama skrini ya nyumba hiyo, ya inchi ishirini na mbili, iliyotoka ofisini kwa mume siku ofisi ilipofungwa, na namba yake ya mali ya idara ikiwa imepigwa kwa rangi nyeupe ubavuni.

"Asante, mwanangu. Kesho tutakuja." Akakata simu, akaiweka chini taratibu. "Mume wangu."

Alipomwita hivyo, badala ya "wewe" au "baba fulani", ilikuwa ni sauti ile ya breki zisizoshika.

"Nilikadiria," mume akasema.

"Ulikadiria."

"Wale vijana watatu walikuwa wanasikiliza. Mmoja alishaanza kuichekea kofia yangu. Sasa niseme nina kile kidude cha idara?"

"Kwa hiyo ukanunua televisheni mbili kwa mdomo, ukanilipisha mimi."

Mume akavua kofia, akaanza kuifuta vumbi lisilokuwepo.

"Mtoto ana jambo," Dereva akasema, na hapo sauti ikatetemeka kidogo, ndiyo iliyomchoma mume kuliko kelele zote. "Anataka kuniambia mimi. Na wewe umeenda kupiga chuku mpaka njia ikaziba."

Jumamosi duka lilipofunguliwa, mume alikuwa mlangoni, kadi imefungwa kwenye taulo, na utepe wa fundi cherehani shingoni. Ndiyo amri aliyopewa: atamke vipimo mwenyewe, mbele ya waliopo. Na waliopo walikuwepo, wale wale vijana watatu.

"Skrini ni moja," akasema. "Inchi ishirini na mbili. Ya kawaida. Ina namba ya idara ubavuni."

"Na ukuta mmeuza, mzee?" mmoja akauliza, wakacheka mpaka kibodi moja ikaanguka.

Muuzaji hakucheka sana. Alipima kasha kwa picha iliyopigwa na Dereva, akatoa kadi ya giga nane, fupi, feni mbili, waya mmoja, akarudisha na pesa zilizozidi. Saa tisa unusu kadi ilikuwa imekaa mahali pake kama jino. Dereva akawasha gemu, akafungua ile namba ya pembeni inayoonyesha memori iliyotumika. Akapita mjini, akapita msituni, akapita bandari yenye makontena ya rangi zote. Kati ya giga nane, zilitumika tano na kidogo. Miti ilikuja na majani yake.

Akamwonyesha mumewe namba hiyo. Kisha akavuta kigoda.

"Kaa hapa. Kiti cha konda. Safari ya leo ni kilomita mia nne, na mpaka tushushe mzigo sitaki kusikia hata kikohozi chenye maana. Umeshaongea sehemu yako dukani."

Akachomoa hedifoni ili sauti isikike chumba kizima. Hiyo ndiyo ilikuwa adhabu hasa, kusikia yote.

Saa kumi kamili: "Mama? Unaniona?"

"Nakuona mpaka vumbi la matairi yako. Twende."

Walikwenda. Waliongea kuhusu mvua, kuhusu goti la shangazi. Kilomita ya mia moja na themanini hivi, binti akawasha taa mchana kweupe, akazizima.

"Mama, ile kazi ya ofisini nimeacha. Tangu mwezi wa pili."

"Unakula nini?"

"Napakia mizigo ghalani. Na niko shule ya udereva, mama. Malori makubwa, ya kweli. Mtihani Jumatatu. Niliogopa. Ulilala kwenye mabasi miaka yote ile ili mimi nikalie kiti kinachozunguka."

Pale kigodani mume alivimba. Alikuwa na maneno sabini, na methali tatu, na kisa kizima cha binamu yake aliyepita mtihani wa udereva akiwa amefumba macho. Dereva aliendesha kilomita kumi. Mkono wake ulipanda ukafuta jicho, ukarudi kwenye usukani.

"Kioo cha kushoto umekiweka vipi?"

"Naona ubavu wa tela, na barabara kidogo."

"Kishushe mpaka uone tairi la nyuma linagusa lami. Mtahini atakupeleka kona ya kushoto, wote hawana lingine. Na usivae viatu vipya siku hiyo."

Sauti ya binti ikawa inakwama, inaruka, inakwama, na safari hii memori haikuhusika. "Sawa, mama."

Mume akafungua mdomo. Dereva, macho hayajatoka barabarani, akainua kidole kimoja. Mume akaufunga.

Haya, haya. Dereva amesimama nyuma ya kiti changu, anasoma, na kidole kile kile kimetua kwenye neno "mtanashati" kule juu. Anasema niandike kweli walau mara moja. Basi aliyeufunga mdomo ni mimi. Zilibaki kilomita mia mbili na kumi, nikazilipa moja moja.