Nishani Yenye Jina la Rashad

"Jina la baba yangu limechongwa hapa ukingoni, Asmahan, soma mwenyewe! Mama alimpa Baba Mdogo aitunze tu, si aifiche kwenye soksi."

Maisara alikuja kwetu Northfield, huku ughaibuni, kutoka mtaa wa Tyseley kwa mabasi mawili, akaanza kugomba kabla ya kuvua koti. Kesho yake alitakiwa kuwaonesha watoto wa shule ya mwanawe nishani ya ushujaa wa vita vya Burma, vita alivyopigana baba yake, marehemu Rashad wa Tanga, chini ya Mwingereza.

"Mwache aende nayo," Baba akaniambia. Rashad alikuwa kaka yake.

"Simwachi. Wewe nakuogesha mimi, Baba. Hilo kovu la begani ni la mashine ya mkonge kweli? Mimi si mtoto. Hiyo ni risasi."

"Asmahan!"

"Sema, au nitasema mimi."

Baba akaitazama nishani mkononi mwa Maisara.

"Jumbe wa serikali alikuja na orodha ya waliotakiwa jeshini," akasema. "Kaka alikuwa na siku nne tangu aoe. Likaitwa jina lake, nikaitika mimi. Miaka minne nikawa Rashad. Nilipombeba sajini aliyejeruhiwa kuvuka mto, nilikuwa Rashad. Niliporudi kaka alinishika miguu nisimwaibishe. Nikaapa kutosema. Mama yako anajua, Maisara."

Maisara aliketi na koti lake lililolowa mvua, juu ya kochi langu jipya. Nikangoja kilio. Akashusha pumzi ndefu.

"Kila nilipomuuliza baba aliipataje, aliinuka akatoka nje. Nikadhani aliua wasio na hatia. Maisha yangu yote, Baba Mdogo, nimeogopa alichofanya huko." Mabega yakaanza kumtikisika. Alikuwa anacheka. "Kumbe alikuwa nyumbani na mama! Mwoga tu!"

"Bwana harusi," Baba akamsahihisha, naye akacheka mpaka akafuta macho. Sikumbuki lini mara ya mwisho nilimsikia akicheka hivyo.

"Sasa kesho?" nikauliza. "Utawaambia nini watoto wa watu?"

Maisara alimtazama Baba. Baba akaitikia kwa kichwa, mara moja.

Papo hapo Maisara akatoa simu, akampigia mwalimu.

"Kesho siji na nishani tu," akamwambia kwa Kiingereza. "Nakuja na mwenyewe."